Nyasi na Udongo Wenye Metali: Uoto wa Nyanda za Juu za Umatengo na Mwambao wa Ziwa Nyasa, Mkoani Ruvuma

Ikisiri

Makala hii inaeleza uhusiano uliopo kati ya uoto wa nyasi na udongo wenye metali katika Wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma. Inaanza na mfano unaofahamika zaidi barani Afrika, yaani vilima vya shaba vya Katanga, ili kubainisha kanuni zinazotawala maisha ya mimea katika udongo wa aina hiyo. Kanuni hizo zinatumika kuchambua njia tatu za metali kufika katika udongo wa mimea: kuchakaa kwa miamba, unyunyiziaji wa viuakuvu vya shaba katika mibuni, na uchimbaji wa makaa ya mawe. Hoja kuu ni kwamba nyasi za Umatengo si pori lisilo na kazi, bali ni sehemu ya kinga ya udongo dhidi ya sumu ya alumini. Na kwamba shaba iliyonyunyiziwa mibuni ni urithi wa kudumu wa ardhi unaostahili kupimwa kabla shamba halijabadilishiwa matumizi.

Maneno muhimu: uoto wa nyasi, metali, alumini, shaba, ngoro, kahawa, Umatengo, Ziwa Nyasa.

1.0 Utangulizi

Nyanda za juu za Umatengo ziko kusini magharibi mwa Tanzania, mashariki mwa Ziwa Nyasa. Vilele vyake vinakaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa ziwa uko takribani mita 475. Kati ya viwango hivyo viwili ardhi inashuka kwa miteremko mikali hadi kwenye vijiji vya mwambao. Eneo lote lilikuwa Wilaya ya Mbinga hadi mwaka 2012, ulipotengwa ukanda wa ziwa kuwa Wilaya ya Nyasa, yenye makao makuu Mbamba Bay. Mgawanyo huo wa kiutawala haukugawa maji wala udongo: kinachomomonyoka katika miteremko ya magharibi ya Umatengo huishia ziwani.

Katika maandishi mengi kuhusu mazingira ya eneo hili, misitu na miombo hupewa uzito mkubwa, nazo nyasi hutajwa kama mabaki ya msitu uliokatwa au ardhi inayosubiri kulimwa. Mtazamo huo una upungufu. Uoto wa nyasi unaweza kuwa matokeo ya mkono wa binadamu, lakini unaweza pia kuwa matokeo ya kemia ya udongo wenyewe. Tena, pale ambapo udongo una metali kwa kiwango kinachodhuru, nyasi huwa miongoni mwa mimea michache inayoweza kuufunika na kuushikilia. Kwa sababu hiyo, swali la nini kinaota wapi, na kwa nini, haliwahusu wataalamu wa mimea peke yao. Linamhusu pia mkulima anayeng'oa mibuni iliyozeeka ili apande mahindi na maharage mahali palepale.

2.0 Mimea katika Udongo Wenye Metali

2.1 Mfano wa vilima vya shaba vya Katanga

Kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kati ya Lubumbashi na Kolwezi, kuna vilima zaidi ya mia moja ambavyo miamba yake imebeba madini ya shaba na kobalti. Kwa mbali vilima hivyo hutambulika kwa sura yake: miombo inavizunguka hadi chini, kisha miti inakoma ghafla na kilele kinabaki na nyasi fupi na maua. Udongo wa kawaida huwa na makumi machache ya miligramu za shaba katika kila kilo. Katika vilima hivi kiwango kinaweza kuzidi miligramu 10,000. Miti mingi haiwezi kuotesha miche katika hali hiyo. Mahali pa miti panachukuliwa na nyasi kama Loudetia simplex na Monocymbium ceresiiforme, pamoja na mamia ya spishi nyingine, ambazo makumi kati yake hazipatikani kwingineko duniani.

Mfano huu una mafunzo mawili. Kwanza, mpaka kati ya msitu na nyasi unaweza kuchorwa na metali, bila moto wala shoka. Pili, uoto huo si maskini: ardhi inayoonekana kwa jicho la mkulima kuwa imekufa inaweza kuwa na utajiri wa spishi adimu. Kwa bahati mbaya, vilima hivyo ndivyo vinavyochimbwa kwa ajili ya shaba na kobalti, hivyo makazi ya mimea hiyo hupotea pamoja na mwamba unaoilea.

2.2 Mbinu za mimea za kustahimili metali

Shaba, zinki, manganizi na nikeli ni virutubisho vinavyohitajiwa na mmea kwa kiasi kidogo sana. Majani ya mimea mingi huwa na miligramu 5 hadi 20 za shaba kwa kilo ya uzito mkavu. Kiasi kikizidi, metali huharibu ncha za mizizi, huvuruga kazi ya vimeng'enya na huzuia ufyonzaji wa chuma, ndipo majani hugeuka manjano. Alumini na risasi hazina kazi inayojulikana katika mimea mingi, na madhara yake huanza katika viwango vya chini.

Mimea inayostahimili hali hiyo hutumia mojawapo ya mbinu mbili kuu. Mbinu ya kwanza ni kuzuia: mizizi hutoa tindikali za kikaboni, kama vile sitriki na maliki, ambazo hufunga metali nje ya mzizi; kuvu wanaoishi na mizizi husaidia kazi hiyo; na metali kidogo inayopenya hubakizwa mizizini. Nyasi nyingi hufuata mbinu hii. Mbinu ya pili ni kulimbikiza: mmea huruhusu metali ipande hadi majani na kuifungia katika vakuoli za seli, mbali na shughuli za uhai. Chai ni mfano ulio karibu, kwani majani yake makuukuu hulimbikiza alumini kwa wingi, na ndiyo maana zao hilo hustawi katika udongo wenye tindikali ambao mazao mengine huukataa. Mimea mingi ya familia ya Melastomataceae, inayoota pia katika nyanda za juu za kusini, ina tabia hiyo hiyo.

2.3 Tahadhari kuhusu mimea kiashiria

Kuwapo kwa mmea fulani hakutoshi kuwa ushahidi wa metali. Katika ukanda wa shaba wa Zambia, watafutaji wa madini wa katikati ya karne ya 20 walilitumia ua liitwalo sasa Ocimum centraliafricanum, ambalo zamani liliitwa Becium homblei, kama dalili ya shaba iliyofukiwa. Baadaye ilidhihirika kwamba mmea huo huota pia katika udongo usio na shaba nyingi. Vilevile Haumaniastrum katangense ulisifiwa kwa miaka mingi kuwa mlimbikizaji mkubwa wa shaba, mpaka vipimo makini vilipoonyesha kwamba sehemu kubwa ya shaba iliyopimwa ilikuwa vumbi la udongo lililoganda juu ya majani.

Hata hivyo, Haumaniastrum katangense una historia nyingine yenye uzito kwa makala hii. Wanaakiolojia waliutumia kutambua mahali ambapo wafua shaba wa kale wa Katanga walijenga tanuri zao. Tanuri zilikwisha kubomoka na watu walikwisha kuhama, lakini shaba iliyodondoka ardhini ilibaki, na mmea ukaendelea kuota juu yake karne kadhaa baadaye. Kwa hiyo, udongo wenye metali unaweza kutengenezwa na binadamu, na alama yake ikadumu kupita kumbukumbu ya waliouweka.

3.0 Metali za Asili katika Udongo wa Umatengo

3.1 Chuma na alumini

Nyanda za juu za kusini zina historia ndefu ya metali. Kaskazini mwa Umatengo, katika Wilaya ya Ludewa, ipo Liganga, ambako mwamba wa chuma una pia titani na vanadi; Wapangwa wa eneo hilo walijulikana kwa ufuaji wa chuma. Hata pasipokuwa na mashapo ya aina hiyo, udongo mwekundu wa milimani ni udongo wa metali kwa maana ya kikemia. Mvua ya maelfu ya miaka imeosha kalisi, magnesi na potasi, ikabakiza oksidi za chuma na alumini. Chuma ndicho kinachoupa udongo huo rangi yake.

Maadamu udongo hauna tindikali nyingi, alumini hubaki imefungwa na haina madhara. Kipimo cha pH kikishuka chini ya takribani 5.5, na hasa chini ya 5, alumini huyeyuka na kuingia katika maji ya udongo. Hapo ncha za mizizi hukoma kurefuka, mmea hushindwa kufikia maji ya chini, na fosforasi hugandamana na oksidi za chuma na alumini isiweze kufyonzwa. Maharage ni miongoni mwa mazao yanayoathirika upesi. Mihogo, ambayo ni chakula kikuu katika sehemu kubwa ya mwambao, huvumilia zaidi. Nyasi za jenasi ya Hyparrhenia na Loudetia, pamoja na magugu ya aina ya Pteridium yanayotawala mashamba yaliyochoka, huonyesha uvumilivu huo huo. Mkulima anayesema kwamba shamba limechoka anapoyaona magugu hayo anasoma kemia ya udongo kwa lugha ya mimea, ingawa tahadhari iliyotajwa katika kipengele cha 2.3 inamhusu naye pia.

3.2 Ngoro kama tiba ya udongo

Wamatengo walibanwa katika milima yao na uvamizi wa Wangoni katika karne ya 19. Kwa kuwa ardhi ilikuwa finyu na yenye miteremko mikali, waliendeleza kilimo cha ngoro, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mwishoni mwa masika, wanaume hufyeka nyasi za shamba lililopumzishwa na kuzipanga juu ya ardhi katika mistari inayokatana na kufanya miraba. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi hizo, hivyo kila mraba huwa shimo na kila mstari huwa tuta. Maharage hupandwa kwanza juu ya matuta. Mahindi hufuata katika msimu wa mvua unaofuata. Kisha shamba hupumzishwa ili nyasi zirudi.

Wataalamu wengi wameusifu mfumo huu kwa uwezo wake wa kuzuia mmomonyoko, kwa kuwa maji ya mvua hukusanyika shimoni na kunywea polepole badala ya kuteremka. Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mboji, na tindikali za kikaboni zilizomo katika mboji hushikamana na alumini na kupunguza sumu yake. Tendo ambalo mzizi wa mmea mvumilivu hulifanya katika eneo dogo linalouzunguka, ngoro hulifanya katika tuta zima. Ndiyo sababu maharage, zao lisilopenda alumini, hupandwa mahali ambapo mzizi wake hukutana kwanza na nyasi zinazooza.

Kwa mantiki hiyo, nyasi ni malighafi ya shamba. Kipindi cha kupumzisha ardhi kikifupishwa kwa sababu ya ongezeko la watu, au nyasi zikichomwa moto badala ya kufukiwa, kinachopungua si majani makavu tu. Majivu hupunguza tindikali kwa muda mfupi na husombwa kirahisi na mvua. Mboji hukaa na kuendelea kuifunga alumini.

4.0 Shaba Iliyoletwa na Kahawa

Kahawa aina ya arabika iliingia Umatengo katika miaka ya 1920 na kuwa zao kuu la biashara. Maadui wake wakubwa ni magonjwa mawili ya kuvu: chulebuni, unaoozesha matunda machanga, na kutu ya majani. Aina za zamani kama N39 na KP423 haziwezi kustahimili magonjwa hayo bila kunyunyiziwa dawa mara kadhaa kila msimu, na dawa iliyotumika kwa muda mrefu zaidi ni ile yenye shaba. Matumizi ya shaba dhidi ya kuvu yalianza katika mizabibu ya Ufaransa katika miaka ya 1880, ambako mrututu ulichanganywa na chokaa. Kutoka huko yalienea katika kilimo cha dunia nzima.

Viuakuvu vingi vya kikaboni huvunjwa na bakteria wa udongo baada ya muda. Shaba ni elementi, haiwezi kuvunjwa. Mvua huiosha kutoka majanini, majani hudondoka, na shaba hushikwa na mboji katika tabaka la juu la udongo. Kila mwaka wa unyunyiziaji huongeza kiasi kidogo juu ya kilichokuwapo. Katika mizabibu ya Ulaya mrundikano huo umepimwa kwa miongo mingi, na katika mashamba ya kahawa ya mkoa wa Kilimanjaro tafiti zimeonyesha kwamba udongo wa juu una shaba nyingi kuliko udongo wa ardhi jirani isiyonyunyiziwa. Mchakato wa kikemia ni uleule popote zao na dawa vinapofanana.

Mbuni wenyewe hauonyeshi madhara upesi, kwa sababu mizizi yake mikubwa hupita chini ya tabaka hilo. Tatizo hujitokeza shamba linapobadilishiwa matumizi. Bei ya kahawa inaposhuka, au mibuni inapozeeka, kaya huweza kuing'oa na kupanda mahindi, maharage au mboga. Mazao hayo hutandaza sehemu kubwa ya mizizi yake katika tabaka la juu la udongo, yaani palepale ilipojikusanya shaba. Kwa maharage hatari ni ya namna mbili: mzizi wenyewe huathirika, na bakteria wa vinundu wanaoupa mmea naitrojeni huathirika pia. Palizi na kilimo cha mara kwa mara huharakisha kuoza kwa mboji, na mboji inapopungua, shaba iliyokuwa imeshikwa huachiliwa. Udongo wenye tindikali huzidisha tatizo, kwa kuwa shaba na alumini huyeyuka pamoja.

Malisho nayo yanastahili kuangaliwa. Nyasi zinazokatwa chini ya mibuni mara baada ya kunyunyizia huwa na dawa juu ya majani yake. Kondoo ndio mifugo inayodhurika haraka zaidi na shaba iliyozidi. Mbuzi na ng'ombe huvumilia zaidi. Hapa pia kosa la vumbi la Katanga lina funzo: shaba iliyo juu ya jani na shaba iliyo ndani ya jani ni mambo mawili kwa mtafiti, lakini kwa mnyama anayekula jani ni jambo moja.

Njia ya kupunguza chanzo ipo. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ambayo ina kituo Ugano wilayani Mbinga, imezalisha aina chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mkulima anayepanda aina hizo hupunguziwa gharama ya dawa, na ardhi yake haiongezewi shaba. Hata hivyo, aina mpya haiondoi shaba iliyokwisha kuingia.

5.0 Makaa ya Mawe, Mito na Ziwa

Njia ya tatu ni uchimbaji. Katika bonde la Ngaka, wilayani Mbinga, uchimbaji wa makaa ya mawe ulianza mwaka 2011. Makaa ya mawe na miamba inayoambatana nayo kwa kawaida huwa na madini ya salfidi ya chuma. Madini hayo yakifukuliwa na kukutana na hewa na maji, huweza kutoa tindikali ya salfa, na tindikali hiyo huyeyusha chuma, alumini na manganizi kutoka katika mabaki ya mwamba. Kiwango cha hatari hutegemea kiasi cha salfidi na kiasi cha madini ya kabonati yanayoweza kuizima tindikali hiyo. Ndiyo maana vipimo vya kila tabaka la mwamba huhitajika kabla ya kuchagua mahali pa kulundika mabaki.

Katika urejeshaji wa ardhi ya namna hiyo, mazoea ni kupanda miti inayokua haraka. Kanuni za sehemu ya 2.0 zinaelekeza vingine: hatua ya kwanza ni kuufunika udongo kwa nyasi zenye kuzuia metali mizizini, hasa zile za asili zilizokwisha kuzoea alumini. Nyasi hizo hushikilia udongo, hujenga mboji na hazipandishi metali hadi kwenye majani yanayoliwa. Mmea mlimbikizaji ungefanya kinyume cha lengo, kwa kuitoa metali ardhini na kuiweka mbele ya mifugo.

Maji ya Ngaka huingia katika mto Ruhuhu, ambao humwaga ziwani karibu na Lituhi. Vijito vya miteremko ya magharibi huteremka moja kwa moja hadi mwambaoni. Shaba ya mashamba husafiri zaidi ikiwa imeshikamana na chembe za udongo kuliko ikiwa imeyeyuka majini. Maji ya Ziwa Nyasa yana alkali kidogo, hali inayopunguza uyeyukaji wa shaba na alumini. Kwa hiyo mahali pa kutazamwa kwanza si maji ya kina yanakovuliwa usipa, bali ni vijito vyenyewe, midomo ya mito na mashapo ya fukweni, ambako samaki wachanga hukulia na wakazi huchota maji.

Katika jambo hili ngoro zina sura mbili. Zikiwa chini ya shamba la kahawa, hunasa udongo unaoteremka na kukinga kijito. Lakini kwa kufanya hivyo huipokea shaba na kuihifadhi katika matuta yanayopandwa chakula. Ukanda wa nyasi zisizolimwa kati ya kahawa na ngoro ungepokea mzigo huo mahali pasipo na zao la kuliwa.

6.0 Mjadala

Uchambuzi huu unaelekeza utafiti katika mambo matatu. La kwanza ni namna ya kupima. Kiasi chote cha shaba kilichomo udongoni hakitoshi kueleza hatari. Panahitajika pia pH, kiasi cha mboji na sehemu ya shaba inayoweza kufyonzwa. Sampuli zichukuliwe kwa tabaka, kwa kuwa kuchanganya sentimita 30 za udongo huficha kilichokusanyika katika sentimita 5 za juu. Majani yaoshwe vizuri kabla ya kupimwa, ili kosa la Katanga lisirudiwe.

La pili ni ulinganisho. Shamba la kahawa, ngoro na nyasi zilizopumzishwa zinazopakana katika mteremko mmoja hutoa fursa ya kutenganisha metali ya mwamba na metali ya dawa. Mwamba ni mmoja. Tofauti itakayoonekana inatokana na matumizi.

La tatu ni sera. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya ubora wa udongo za mwaka 2007 zinatoa msingi wa kisheria wa kudhibiti uchafuzi wa udongo. Hata hivyo, fikra za udhibiti huelekezwa zaidi kwa viwanda na migodi, ilhali mrundikano wa mashambani hutokea polepole, kaya kwa kaya, kwa dawa halali iliyopendekezwa na wataalamu. Haifai basi mkulima alaumiwe kwa kufuata ushauri aliopewa. Kinachofaa ni huduma ya kupima udongo itolewe wakati wa uamuzi, yaani kabla mibuni haijang'olewa, pamoja na ushauri wa chokaa, mbolea ya samadi na uchaguzi wa zao litakalofuata.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba udongo wenye metali si jambo la vilima vya mbali vya Katanga pekee. Umatengo una alumini na chuma vilivyotokana na mwamba, una zao la kahawa lililolindwa kwa shaba, na una mgodi unaofukua miamba ya chini. Katika hali zote tatu, nyasi hutokea kuwa mmea wa kwanza wa kustahimili na nyenzo ya kwanza ya kuponya. Wamatengo waliitambua kazi hiyo ya nyasi walipozifanya kuwa kiini cha ngoro, ingawa hawakuitaja alumini kwa jina. Wajibu wa watafiti wa sasa ni kuitambua shaba mapema vivyo hivyo, wakati kumbukumbu ya mashamba yaliyonyunyiziwa bado wanayo wazee waliobeba bomba la dawa mgongoni. Kumbukumbu hiyo ikipotea, shaba itabaki, na itabidi itafutwe kwa kufuata mimea, kama zilivyotafutwa tanuri za kale.